Hesabu ya Miaka ya Chuo Kikuu

(Yafuatayo ni mazungumzo ya mmoja wa wenzetu, mtumishi wa Serikali, aliyoyatoa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani uliofanyika katika bwalo la shule. Tumeyachapa karibu kama yalivyosemwa. — Mhariri)



Mara ya mwisho niliposimama mbele katika bwalo hili nilikuwa nimeitwa na mwalimu wa zamu kwa kosa la kuchelewa gwaride, na sikupewa nafasi ya kujieleza. Leo nimepewa nusu saa nzima. Nitajitahidi nisiimalize yote, kwa sababu harufu ya pilau imekwisha kufika hapa mbele, na sijapata kuona hotuba iliyoshindana na pilau ikashinda.

Kamati imenipa kichwa cha mazungumzo kinachosema "Uendelevu wa Vyuo Vikuu na Mitazamo ya Wadau". Nilipokisoma nilicheka kidogo, maana kinafanana na vichwa vya semina tunazokaa huko maofisini. Lakini nilipokitafakari niliona kwamba kina jambo linalotuhusu sote tuliomo humu, na linahusu hasa uamuzi tutakaoufanya baada ya chakula kuhusu zawadi yetu kwa shule. Nitafika huko mwishoni.

Nianze na neno lenyewe. Nilipokuwa kijana hapa, sikumbuki kulisikia neno "endelevu" darasani. Tulikuwa na neno "kudumu", na lilitutosha. Hili jipya lilipata nguvu duniani mwaka 1987, pale Tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Bibi Gro Harlem Brundtland wa Norway ilipotoa taarifa yake kuhusu mazingira na maendeleo. Kwa lugha ya mkulima, taarifa ile ilisema: kula mavuno, lakini usile mbegu ya watoto wako. Mwaka 1990 viongozi 22 wa vyuo vikuu walikutana Talloires, Ufaransa, wakatoa tamko kwamba vyuo vikuu vina wajibu wa kuongoza njia katika jambo hili, kwa kufundisha na kwa kutenda. Mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ukapitisha malengo 17 ya maendeleo endelevu, na siku hizi huwezi kuandika andiko la mradi wowote bila kuyataja.

Hayo yote ni mema. Hata hivyo, ndugu zangu, ingia katika chuo kikuu chochote, uwaulize watu kumi kama chuo hicho ni endelevu, nawe utapata majibu kumi yasiyofanana. Mmoja atakuambia habari za miti, wa pili habari za fedha, wa tatu habari za mikopo, wa nne habari za maji. Kwa muda mrefu nilidhani watu hawa hawaelewani kwa sababu wengine hawajasoma vya kutosha. Sasa sidhani hivyo. Nadhani tofauti yao ni ya hesabu. Kila mmoja anahesabu kudumu kwa chuo kwa kipimo cha miaka yake mwenyewe, na ndani ya kipimo hicho kila mmoja ana haki.

Nitachukua mfano wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa sababu ndicho kikongwe kuliko vyote nchini mwetu na historia yake imeandikwa.

Kilianza tarehe 25 Oktoba 1961 kikiwa na wanafunzi wachache wa sheria, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Mwaka 1964 kikahamia Mlimani, na tarehe 1 Julai 1970 kikawa chuo kikuu kamili cha Taifa. Serikali ya wakati ule ilikuwa na jibu lake kuhusu kudumu kwa chuo: chuo kitadumu iwapo wanaosomeshwa na wananchi watarudi kuwatumikia wananchi. Mwaka 1966 wanafunzi waliandamana kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwarudisha makwao karibu wanafunzi 400, na akapunguza mshahara wake mwenyewe. Wengi wao waliruhusiwa kurudi baadaye. Mwaka uliofuata ukaja waraka wa Elimu ya Kujitegemea, na mwaka 1974 Azimio la Musoma likaagiza kwamba kijana amalizapo kidato cha sita afanye kazi kwanza ndipo aende chuo kikuu. Masharti hayo yalilegezwa baadaye. Sijaja hapa kuyapima kama yalikuwa mazuri au mabaya. Nataka muone jambo moja tu: katika hesabu ile, kipimo cha chuo kilikuwa umri wa Taifa.

Kisha hali ya uchumi ikabadilika. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ukaingia utaratibu wa kuchangia gharama, na mwaka 2005 Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu ikaanza kazi. Kuanzia hapo Serikali ikawa na kipimo kingine, nacho ni mwaka wa fedha, unaoanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Mimi ni mtu wa kipimo hicho. Kazi yangu ni mipango na bajeti, na mtu wa bajeti tarehe 30 Juni kwake ni kama siku ya kiyama. Yaliyo upande wa pili hayaoni vizuri. Nitarudi kwenye jambo hili, kwa maana nina deni nalo.

Sasa tumtazame mwanafunzi. Yeye huhesabu kwa mihula. Shahada nyingi ni miaka mitatu, uhandisi minne, udaktari mitano. Kwake yeye chuo endelevu ni kile ambacho mkopo unaingia kwa wakati, kitanda kinapatikana, na mtihani haukuahirishwa. Tusimlaumu. Mtu anayepita mahali kwa miaka mitatu ni msafiri, na msafiri hapandi mnazi kwenye kituo cha basi. Akishahitimu, hesabu yake inageuka. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 inamkata mdaiwa wa mkopo asilimia 15 ya mshahara wake. Kijana mmoja ofisini kwetu alipata kuniambia kwamba katika chuo chake kitu alichoona kuwa endelevu kweli ni deni. Tulicheka sote, kisha tukanyamaza, kwa sababu wengi mle chumbani tulikuwa tumekatwa au tulikuwa bado tunakatwa.

Mhadhiri naye huhesabu mpaka siku ya kustaafu. Kwake yeye chuo kinadumu iwapo kuna mtu wa kumrithi. Anaona darasa lililokuwa na wanafunzi hamsini sasa lina mia tatu, na anajiuliza ni nani atakayefundisha akiondoka yeye. Ukimwambia habari za taa zinazotumia umeme kidogo atakusikiliza kwa adabu, lakini moyoni anafikiria msaidizi wake aliyekwenda kusoma ng'ambo na hajarudi.

Uongozi wa chuo huhesabu kwa robo za mwaka, kwa sababu ankara ya umeme haingoji azimio la baraza. Huko Mlimani uongozi uliamua kutumia ardhi ya chuo kupata kipato, na mwaka 2006 likafunguliwa lile soko kubwa la Mlimani City, lililojengwa na kampuni kutoka Botswana kwa mkataba wa kukodi ardhi ya chuo kwa miongo kadhaa. Wapo waliosema hiyo ni busara, chuo kisiwe ombaomba. Wapo waliosema ardhi ya kusomea imegeuzwa ya kuuzia viatu. Wote walikuwa wanazungumza juu ya kudumu kwa chuo kimoja. Jirani zetu wa Nairobi, Chuo Kikuu cha Strathmore, mwaka 2014 waliweka mitambo ya umeme wa jua ya kilowati 600 juu ya mapaa yao. Mwanamazingira akiitazama mitambo ile anaona hewa safi. Mhasibu akiitazama anaona ankara iliyopungua. Hapo, kwa bahati njema, hesabu mbili zilikutana juu ya paa moja.

Mfadhili huhesabu kwa muda wa mradi. Mwaka 2018 ilifunguliwa Mlimani maktaba mpya iliyojengwa kwa msaada wa China, yenye nafasi ya wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Mwaka 2021 ulianza mradi mkubwa wa elimu ya juu kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425, uliopangiwa miaka mitano, na vyuo vingi nchini vimeingizwa humo. Tunashukuru kwa yote hayo. Lakini mfadhili akishakata utepe na kupigwa picha, hesabu yake imefungwa. Jengo lenyewe ndiyo kwanza linaanza kuhesabu.

Wamebaki watu wawili ambao kwa kawaida hawaitwi kwenye semina. Wa kwanza ni jirani. Chuo kikubwa kina vijiji na mitaa inayokizunguka. Mlimani kuna Changanyikeni, Msewe na Makongo. Jirani huhesabu kwa umri wa wajukuu. Alikuwapo kabla ya huyu Makamu Mkuu wa Chuo na atakuwapo baada yake. Maji machafu ya chuo yakitiririka vibaya, yanapita kwake. Chuo kikipanda miti, kivuli na upepo vinamfikia. Huko Usambara Magharibi kuna msitu wa asili wa Mazumbai. Mwenye shamba aliyeumiliki aliukabidhi kwa chuo kikuu, na tangu Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine kianzishwe mwaka 1984 uko mikononi mwake. Wanafunzi huenda kuusoma, nao wanaokaa mabondeni wananufaika na maji. Hesabu ya msitu kama huo ni ya karne, na chuo kimepewa jukumu la kuhesabu hivyo hivyo.

Wa pili ni fundi bomba. Naomba mnivumilie nimweleze kwa kirefu.

Mimi mwenyewe nilisoma katika chuo kimoja kikubwa ambacho sitakitaja, kwa sababu nia yangu si kukiaibisha. Nilikaa katika bweni la ghorofa, chumba chetu kikiwa juu kabisa. Maji yalifika ghorofa ya chini tu, na huko pia usiku. Kila alfajiri tulishuka na madumu, tukapanga foleni, tukapanda nayo ngazi. Kulikuwa na mzee mmoja fundi bomba ambaye alitupenda kwa sababu tulimwamkia. Siku moja nilimkuta chooni ghorofa ya chini, amesimama anatazama maji yanayomwagika kwenye tangi la choo. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaona haya?"

"Naona, mzee. Yanamwagika."

"Yanamwagika usiku na mchana. Boya limekufa. Katika bweni hili maboya yaliyokufa nimeyahesabu, ni kumi na manane. Maji mnayoyakosa huko juu ndiyo haya yanayokwenda mferejini hapa chini. Pampu inasukuma mpaka inachoka. Siku moja itaungua, mtasema chuo hakina pampu."

Nikamwuliza kwa nini asiyabadilishe. Akaniambia ameandika maombi ya maboya, koki na mipira ya koki mara tatu, na kila mara anajibiwa kwamba kasma haina fedha.

Mwaka ule ule sisi wanafunzi tuligoma. Tuligoma kwa ajili ya fedha ya kujikimu, na nilikuwa mmoja wa waliopanda juu ya meza kuhutubia. Nilisema mengi juu ya haki na juu ya ubeberu. Juu ya maboya kumi na manane sikusema neno, ingawa nilikuwa nayajua. Pampu iliungua muhula uliofuata, kama alivyosema mzee.

Nilihitimu, nikaajiriwa Serikalini. Miaka ikapita, nikapanda cheo, nikawekwa kwenye dawati la kuchambua makisio ya taasisi. Vijana wengi hapa hamjui jinsi bajeti inavyokatwa, kwa hiyo nitawaeleza. Taasisi inaleta makisio yake. Yana mafungu matatu: mishahara, Matumizi Mengineyo, na fedha za maendeleo. Mishahara haiguswi, watu wanakula. Fedha za maendeleo zina mradi, zina wafadhili, zina jiwe la msingi na kiongozi atakayekuja kulizindua. Basi ukomo wa bajeti ukishuka, mkono unakwenda kwenye Matumizi Mengineyo, na ndani ya hayo mkono unakwenda kwenye kasma ya ukarabati. Ukarabati haulalamiki. Paa halina chama cha wafanyakazi. Koki haiandamani.

Mwaka mmoja ikaja kwenye meza yangu orodha ya taasisi moja ya elimu ya juu. Ilikuwa imeandikwa vizuri sana: maboya, koki, mipira, pampu moja ya akiba, mafundi wawili wa mkataba. Muda ulikuwa umebana, ilikuwa usiku, na tulitakiwa kupeleka majumuisho asubuhi. Niliikata yote. Niliandika pembeni, "Isubiri mwaka ujao," nikatia saini, nikaenda nyumbani nikalala.

Mwaka uliofuata iliandikwa tena, nikaikata tena. Mwaka wa tatu haikuja. Badala yake likaja andiko la mradi wa maendeleo: kung'oa na kubadilisha mfumo mzima wa maji na maji taka wa mabweni. Gharama yake ilikuwa zaidi ya mara kumi ya ile orodha niliyoikata mara mbili. Na hapo, ndugu zangu, naomba mnisikilize vizuri, kwa sababu ndiyo sababu ya mimi kukubali kusimama hapa leo. Niliipendekeza. Niliipendekeza kwa furaha, kwa sababu ulikuwa mradi mzuri, una michoro, na katika andiko lile neno "endelevu" lilikuwa limeandikwa karibu katika kila ukurasa.

Ni baada ya kutia saini ndipo nilipomkumbuka yule mzee amesimama chooni anatazama maji. Nilikuwa nimesoma mpaka shahada ya pili. Nilikuwa nimehudhuria semina za uendelevu, na nyingine nilizifungua mwenyewe. Na mtu ambaye alikuwa anajua uendelevu wa chuo ni kitu gani, aliyeweza kuuhesabu mmoja mmoja mpaka kumi na nane, ndiye niliyemnyima fedha, mara ya kwanza kwa kukaa kimya juu ya meza, na mara ya pili kwa kalamu. Simaanishi kuwa ni mzee yule yule au chuo kile kile. Namaanisha kwamba mkono uliokata ulikuwa wa mtu aliyekuwa anajua.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nimejifunza kwamba sisi watu wa bajeti tunapenda kujenga ukuta, kwa sababu ukuta unaonekana na ufa haupigwi picha.

Basi nimejifunza nini cha kuwaambia? Mambo matatu.

Kwanza, tusiulize tena kwa jumla kama chuo ni endelevu. Tuulize kinadumu kwa hesabu ya nani. Anayesema "kwa hesabu yangu" ana haki, ila asijifanye amehesabu kwa niaba ya wote. Serikali iulizwe: baada ya tarehe 30 Juni itakuwaje? Mfadhili aulizwe: baada ya utepe itakuwaje? Mwanafunzi naye aulizwe: yule atakayelala kitanda hiki baada yako umemwachia nini?

Pili, kila kitu kina umri wake, na umri wa kitu kizima hufuata umri wa kiungo chake kilicho dhaifu. Chukueni umeme wa jua, ambao siku hizi kila chuo na kila shule inauombea fedha. Paneli ikitunzwa hufanya kazi miaka 20 na zaidi. Lakini betri zile za asidi na risasi, tulizozizoea, huchoka baada ya miaka michache tu, na haraka zaidi zikiachwa ziishe chaji kila usiku. Nimeona mapaa yenye paneli nzima zinazong'aa juani, na chini yake wanafunzi wanasoma kwa tochi, kwa kuwa hakuna aliyeweka akiba ya betri. Paneli zile si zawadi tena, ni mapambo.

Tatu, anayeamka usiku kitu kinapoharibika awepo siku kinapoamuliwa. Sisemi hivi kwa huruma. Fundi, mpishi, mlinzi na mfagiaji ndio wanaokaa chuoni miaka thelathini wakati wanafunzi wanapita, wakuu wanahamishwa na wafadhili wanarudi kwao. Wana kumbukumbu ambayo haimo katika faili lolote. Kuwaacha nje ni kutupa takwimu.

Sasa nimefika kwenye uamuzi wetu wa mchana huu.

Ndugu Mwenyekiti, Kamati imependekeza kwamba mwaka huu chama chetu kiichangie shule chumba cha kompyuta chenye umeme wa jua. Naunga mkono. Nitatoa mchango wangu leo hii, na Mweka Hazina ameketi pale, ataniona. Lakini kabla ya kikao hiki nilizunguka shule na mpishi mkuu, ambaye wengi wetu tulikula chakula chake. Alinionyesha pampu ya kisima tuliyoitoa sisi wenyewe miaka iliyopita. Jina la chama chetu limeandikwa pale kwa rangi ya kijani na bado linasomeka vizuri. Pampu haifanyi kazi. Inadai kifaa kimoja ambacho hakuna aliyejua ni nani mwenye wajibu wa kukinunua: shule ilidhani ni chama, chama kilidhani ni shule. Vijana hawa wanachota maji bondeni, kama tulivyochota sisi.

Nilisimama pale nikalitazama jina letu. Niliona ni ile saini yangu tena.

Aidha, alinionyesha jiko. Serikali imekwisha kuagiza taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa, na mwaka 2024 ulitolewa Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia unaolenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati hiyo ifikapo mwaka 2034. Shule imepata majiko ya gesi. Mpishi anayasifu, macho hayamuumi tena. Lakini akaniuliza swali ambalo ningependa kulisikia siku moja katika semina zetu: "Mwanangu, mtungi ukiisha katikati ya muhula na fedha hazijafika, nipike kwa nini, na ile miti tumeshaambiwa tusiiguse?" Sikuwa na jibu. Hesabu ya mpishi ni ya siku moja, wali uive saa saba. Hesabu hiyo isipofungwa, ile ya mwaka 2034 haitafungika.

Kwa hiyo natoa hoja, Ndugu Mwenyekiti, nami naomba iingizwe katika kumbukumbu. Katika kila shilingi kumi tutakazochanga, nane ziende kwenye chumba cha kompyuta, na mbili ziwekwe katika akaunti ya matengenezo tu, isiguswe kwa jambo jingine. Kutoka humo itengenezwe kwanza pampu ya kisima, kabla ya tofali la kwanza la chumba kipya. Na katika kamati ndogo itakayosimamia, mbali na sisi wenye tai, wawemo fundi wa shule, mpishi mkuu, na mwanafunzi mmoja wa kidato cha tatu, ili mwakani awepo wa kuulizwa. Najua chumba kitakuwa kidogo kuliko kilivyochorwa. Najua pia kwamba mwenzetu mmoja amekwisha kumwalika mgeni rasmi wa ufunguzi. Mgeni aje afungue kilicho kidogo, ila miaka kumi baadaye akipita akikute kinawaka.

Nanyi vijana, neno langu la mwisho ni lenu. Baadhi yenu mtafika vyuo vikuu, na huko mtajifunza maneno makubwa kuliko haya niliyoyasema. Jifunzeni, ni mazuri. Mtagoma, labda, sisi tuligoma, siwezi kuwakataza kwa uso mkavu. Lakini mkiona boya limekufa, semeni. Mkipanda juu ya meza, litajeni na boya. Na ikiwa siku moja mtakaa kwenye dawati kama langu, usiku, kalamu mkononi, mkaletewa orodha fupi ya koki na mipira, isomeni mpaka mwisho kabla ya kuandika "Isubiri mwaka ujao." Kuna mtu aliyesimama mahali akizihesabu moja moja.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza kabla ya nusu saa, kama nilivyoahidi. Naomba hoja yangu ijadiliwe baada ya pilau, watu wakiwa wameshiba na hawana hasira.